Kebini ya Moja, Fremu ya Nyingine: Kisa cha Injini ya Dizeli Iliyoandikwa Kufa Kisha Ikaonekana

Katika rejista ya injini za dizeli zilizostaafishwa nchini Uganda, ambayo kikundi chetu cha wastaafu wa reli na vijana wapenda historia huijaza kwa kujitolea, hakuna injini iliyotusumbua kama hii ninayoieleza hapa. Orodha ya mali iliyopigwa mnada ilisema kwamba iliuzwa kama chuma chakavu, na wakazi wa karibu na yadi walithibitisha kwamba mnunuzi aliikata kwa gesi na kuipakia kwenye malori. Picha iliyopigwa miaka kadhaa baada ya mnada huo iliionyesha imesimama kwenye yadi nyingine kabisa, magurudumu yake juu ya reli, na namba yake ikisomeka bila shida ubavuni mwa kebini ya dereva. Namba hiyo pamoja na majina ya yadi hizo mbili naviacha makusudi, kwa kuwa biashara ya vyuma vya reli ina maswali ambayo hayajaisha, na baadhi ya waliotueleza habari bado wanaishi jirani na yadi hizo. Nitaiita Injini A. Nyingine, iliyojitokeza baadaye bila sisi kuitafuta, nitaiita Injini B.

Jibu lilikuwa na uzito kwa sababu rejista hii inaandikwa kwa ajili ya mtu ambaye atakuja wakati ambapo hatapatikana tena yeyote aliyewahi kushika spana kwenye shedi za Kampala, Jinja au Tororo. Mtu huyo hatakuwa na njia ya kutuuliza tulimaanisha nini. Tukimwandikia kwamba injini ilikatwa, ataamini. Tukimwandikia kwamba ilibaki, ataamini vilevile, na kosa letu litanakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu mpaka ligeuke historia.

Lazima nieleze kwanza kwa nini kumbukumbu za dizeli ziko katika hali hii, maana injini za mvuke zilipata watu wa kuzililia. Makumbusho ya reli ya Nairobi yalifunguliwa mwaka 1971, wakati Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa bado moja, na hazina yake kubwa ni mvuke. Chukua mfano wa zile Garratt 34 za klasi ya 59, zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki: wapenzi wa reli wa nchi za mbali wanajua kwamba 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena zimehifadhiwa Nairobi, na wengine wana habari za dada zao mmoja mmoja. Dizeli zilizofuata hazikubahatika hivyo. Zilipewa namba, zikavuta saruji, kahawa, mafuta na shaba, na zilipochoka zikasukumwa pembeni ya yadi. Uganda nayo ilipopata makumbusho yake ya reli mwaka 2022, katika stesheni ya zamani ya Jinja, nilifurahi kwa dhati, ingawa makumbusho, hata yakiwa na nia njema kiasi gani, yanaweza kuhifadhi mashine chache tu. Zilizobaki zitahifadhiwa kwenye maandishi, au hazitahifadhiwa kabisa.

Maandishi yenyewe yamekatika mara kadhaa, na kila mahali yalipokatika ndipo injini hupotea. Injini kubwa za dizeli za njia kuu zilianza kuingia Afrika Mashariki mwaka 1960, zilipofika zile za English Electric zilizoundwa Vulcan Foundry, Newton-le-Willows, Uingereza, zikaitwa klasi ya 90. Baadaye namba zilipopangwa upya klasi hiyo ikawa ya 87, na ile ya 91 ikawa ya 71, kwa hiyo mashine ileile inaonekana kwa namba moja katika picha ya zamani na kwa namba nyingine katika picha ya miaka iliyofuata, na asiyejua atahesabu mbili. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Uganda ikabaki na shirika lake la reli, wakati karakana kubwa iliyokuwa ikifanya matengenezo mazito ilikuwa Nairobi. Makubaliano ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya, chini ya msuluhishi Victor Umbricht wa Uswisi, yalitiwa saini mwaka 1984. Katika miaka hiyo ya katikati mashine zilifanya kazi, ziliharibika na kubadilishana vipuri, ilhali karatasi zake zilikuwa nchi nyingine au hazikuwapo.

Kukatika kwa pili ndiko kunakohusu kisa chetu moja kwa moja. Mwezi Novemba 2006 uendeshaji wa treni ulikabidhiwa kampuni binafsi ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25, huku umiliki wa mali ukibaki kwa mashirika ya umma ya Kenya na Uganda. Mkataba huo ulikoma upande wa Kenya mwaka 2017, na mapema mwaka 2018 shughuli za Uganda zikarudi mikononi mwa shirika la umma. Sitaki kuingia katika ubishi wa nani alikosea nini. Kwa mwandishi wa rejista jambo lililo muhimu ni kwamba katika mpango wa namna hiyo mwenye mali hutunza daftari la mali na mwendeshaji hutunza daftari la matengenezo. Daftari la kwanza hubadilika pale karatasi inapoidhinishwa, na la pili hubadilika pale fundi anapogeuza spana. Madaftari hayo mawili yanaweza kueleza mashine moja kwa miaka mingi bila kukutana.

Turudi kwa Injini A. Tulikuwa na aina nne za ushahidi, na kila aina ilikuwa na udhaifu wake.

Ya kwanza ilikuwa orodha ya mnada. Uganda ina Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2003, na mali ya serikali haiuzwi bila kukaguliwa, kuthaminiwa na kuidhinishwa, hivyo orodha kama hiyo ni karatasi nzito. Ila haikuandikwa kwa ajili yetu. Aliyeiandika alitaka kumwambia mnunuzi kuna kitu gani, kiko wapi na kiko katika hali gani. Katika orodha tuliyoonyeshwa, Injini A ilikuwa ndani ya fungu moja na mabehewa mabovu na lundo la vyuma, na maelezo yake yalikuwa namba, mahali na neno "chakavu". Haikutaja kama ilikuwa na bogi, yaani fremu ndogo za chini zinazoshika magurudumu, haikutaja mota za umeme zinazoyazungusha, haikutaja kama kebini ilikuwapo. Kwa mnunuzi wa chuma anayelipa kwa uzito, hayo yote hayakuwa na maana.

Ya pili ilikuwa picha. Ilipigwa na msafiri aliyekuwa akipita, ikatufikia kutoka mkono hadi mkono, na tarehe tuliyokuwa nayo ilitoka ndani ya faili lenyewe. Tarehe ya kamera inaweza kuwa imewekwa vibaya, lakini nyuma ya injini lilionekana jengo ambalo majirani walikuwa na uhakika kwamba lilijengwa baada ya mnada. Hilo lilitutosha kukubali kwamba picha ilikuwa ya baadaye.

Ya tatu ilikuwa simulizi za wazee, na hapo ndipo mgongano ulipokuwa mkali. Dereva mstaafu aliapa kwamba aliiona Injini A ikifanya shanti, yaani kupanga mabehewa yadini, baada ya watu kusema imeuzwa. Fundi mstaafu naye alisema kwa utulivu kwamba aliiona ikikatwa kwa macho yake. Walikuwa marafiki wa siku nyingi, waliwahi kuishi jirani katika nyumba za reli za Nsambya, na kila mmoja alidhani mwenzake ameanza kusahau. Tuliwahoji mbalimbali, kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha waliyoifanyia kazi: kwenye shedi walikuwapo Waacholi, Wateso, Wasamia, Wajaluo na Waganda, na maagizo yote yalipita kwa Kiswahili. Nimeona kwamba mzee wa reli akihojiwa kwa Kiingereza hutoa ripoti fupi yenye adabu. Akihojiwa kwa Kiswahili huanza kutaja boliti.

Mbinu iliyotusaidia ilikuwa kuacha kuwauliza "injini iliishia wapi" na kuanza kuwauliza mikono yao ilifanya nini. Dereva hakuwahi kuitengeneza, alikuwa ameiona tu kutoka kwenye kebini ya treni yake, na alichokumbuka ni namba. Fundi alikumbuka kazi. Alipoulizwa kitu cha mwisho alichokitoa kwenye Injini A kabla haijakatwa, alijibu papo hapo kwamba ni kebini.

"Kebini nzima, mzee?" aliuliza kijana wetu aliyekuwa akiandika.

"Nzima, mwanangu. Boliti ukizipata hazijashikana na kutu, ni kazi ya asubuhi moja na kreni. Nyaya ndizo zinachelewesha. Ile nyingine ilikuwa imegonga, kebini yake imekunjamana, lakini fremu yake ilikuwa nzima. Hii ilikuwa na kebini nzuri na fremu mbovu. Sasa wewe ungefanyaje?"

Hivyo ndivyo Injini B ilivyoingia katika kisa. Tulikuwa nayo kwenye rejista tangu mwanzo, na katika safu ya hali tulikuwa tumeandika kwamba haijulikani iliko, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameiona namba yake ubavuni mwa injini yoyote kwa miaka mingi. Ikiwa maneno ya fundi yalikuwa kweli, injini iliyoonekana pichani ilikuwa Injini B iliyovalishwa kebini ya A. Hapo mnada ungekuwa umeuza Injini A kwa haki kabisa, na dereva naye angekuwa amesoma namba aliyoisoma.

Nadharia ikipendeza kiasi hicho huwa naishuku. Inapatanisha kila mtu, na wazee hupenda kupatana. Ushahidi wa nne, yaani chuma chenyewe, ndio uliokuwa wa kuamua.

Kuingia kwenye yadi kulihitaji barua, na barua ilichukua muda, lakini askari wa zamu alipoiona alitufungulia na hata kutuongoza kwenye majani marefu ambako injini ilikuwa imesimama. "Afande, tunaweza kupanda juu?" aliuliza fundi, naye akajibiwa kwamba juu hapana, kuna nyuki. Tulifanya kazi tukiwa chini, na kwa bahati tuliyoyahitaji yalikuwa chini.

Kwanza ni mstari wa rangi. Injini hiyo ilikuwa na mkanda wa rangi uliopita ubavuni kote, kuanzia kwenye boneti ndefu hadi kwenye kebini. Ukisimama pembeni yake, unaona kwamba mkanda unafika mahali boneti na kebini zinapoungana kisha unashuka kwa upana wa kidole, halafu unaendelea. Mpaka rangi hapaki hivyo. Mikanda hiyo ilipakwa kwa nyakati mbili, juu ya mashine mbili. Tuliporudi kuitazama ile picha ya msafiri, ule mshuko ulikuwamo. Tulikuwa tumeutazama bila kuuona kwa sababu macho yetu yalikwenda kwenye namba.

Pili ni boliti za chini ya kebini. Upande mmoja zilikuwa za aina moja, zimeoza kwa kiasi kimoja. Upande wa pili zilichanganyika, na tundu mbili zilikuwa zimepanuliwa kwa gesi ili kebini ikae, kingo zake zikiwa zimeyeyuka na kuganda bila kulainishwa. Fundi alizigusa kwa kidole gumba akacheka, akisema kwamba ile ilikuwa kazi ya kijana mmoja ambaye hakuwa na subira.

Tatu ni bamba la mtengenezaji. Bamba la aina hiyo hubeba jina la kiwanda, namba ya kiwandani na mwaka wa kuundwa, na kwa mwanahistoria lina thamani kuliko namba yoyote iliyopakwa rangi, kwa kuwa namba ya kiwandani haibadiliki hata mashine ikihama shirika au nchi. Kwa bahati mbaya ndilo la kwanza kuibiwa. Mahali pake palikuwa na mstatili wa rangi isiyopauka na tundu nne za ribiti. Tulipima umbali kati ya tundu na tundu na kuuandika, kwa sababu siku bamba likijitokeza kwa mchuuzi au kwenye sebule ya mtu, vipimo hivyo vitasema kama linaweza kuwa lake.

Nne, na kwa maoni yangu ndilo lililomaliza ubishi, ni alama zilizogongwa kwenye fremu. Wengine walitaka kusugua kutu kwa brashi ya waya ili tusome haraka, na fundi akakataa katakata. Alama zilizogongwa kwa nyundo huwa na kina kidogo, na chuma kikishaoza, brashi ya waya huondoa kutu pamoja na herufi. Tulitumia ufagio laini, kitambaa chenye dizeli kidogo, kisha chaki iliyolazwa na kupitishwa juu juu, na tochi ikamulikwa kutoka ubavuni kabisa, karibu sambamba na chuma, ili kila shimo litoe kivuli chake. Tarakimu mbili za mwisho zilisomeka, nazo zilikuwa za Injini B. Zilizotangulia zilikuwa zimeliwa. Tulipiga picha kila hatua, kabla ya chaki na baada ya chaki, rula ikiwa ndani ya picha, na faili za asili zikahifadhiwa bila kupunguzwa wala kurekebishwa rangi.

Kulikuwa na ushahidi wa tano ambao wenzangu waliupenda kuliko mimi. Mama mmoja aliyekuwa karani wa stoo alikuwa ametunza daftari lake binafsi, si la ofisi, alimokuwa akinakili vipuri vikubwa vilivyotoka na kuingia ili asije akasingiziwa wizi. Ndani yake mlikuwa na namba za mota za ekseli, na moja ya namba hizo tuliikuta kwenye mota iliyokuwa bado chini ya injini ile. Daftari lilisema kwamba mota hiyo ilitolewa kwa ajili ya Injini B. Ni ushahidi mzuri, lakini mota huhamahama. Katika injini ya dizeli ya umeme, dizeli huzungusha jenereta, jenereta hupeleka umeme kwenye mota za ekseli, na mota ikiungua huchomolewa na kuwekwa nyingine iliyotengenezwa, wakati mwingine ya injini nyingine kabisa. Mota inaweza kukueleza injini ilipata nini siku fulani, haiwezi kukueleza injini ni ipi. Kwa hiyo tuliiandika kama ushahidi wa kuunga mkono na hatukuipa uzito zaidi ya huo. Lakini daftari lenyewe nililiona kuwa mali adimu kuliko yote tuliyoyapata. Tulipomwomba mama ruhusa ya kulipiga picha, alikubali kwa sharti kwamba kurasa zenye majina ya wafanyakazi waliokopa vifaa zisionyeshwe, na sharti hilo tumelishika.

Wakati wa tukio tuliupata kwa kuuzungushia matukio ambayo kila mtu anayakumbuka. Wazee hawasemi "mwaka fulani, mwezi fulani". Wanasema kabla au baada ya kuzama kwa meli ya MV Kabalega, ambayo tunajua ilikuwa Mei 2005. Kabla au baada ya CHOGM, mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola uliofanyika Kampala, ambao ulikuwa Novemba 2007. Kabla au baada ya treni ya abiria ya Namanve kurudi, Desemba 2015. Kwa kuwahoji mbalimbali na kulinganisha, tulifika kwenye kipindi, hatukufika kwenye tarehe, na rejista imeandikwa kipindi. Tarehe ya uongo iliyo nadhifu ingeonekana vizuri zaidi kwenye jedwali, na ingemdhuru zaidi atakayeitumia.

Mpaka hapo mambo yalikuwa wazi kiasi. Kilichofuata ni ubishi miongoni mwetu wenyewe, na naueleza kwa urefu kwa sababu ndio utakaojirudia kwa kila injini nyingine.

Mwenzetu mmoja aliyewahi kufanya kazi ya uhasibu alishikilia kwamba injini ni namba yake katika daftari la mali. Kisheria, alisema, Injini A iliuzwa na Injini B bado ni mali ya umma. Kebini ni kipuri kama taa au betri, na rejista isiifuate. Fundi alikubaliana naye kwa sababu nyingine: kwa fundi, fremu ndiyo injini, kwani ndiyo iliyobeba kila kitu na ndiyo iliyogongwa namba. Kijana wetu mpiga picha alipinga. Alisema kwamba mwanahistoria wa miaka 50 ijayo atakuwa na picha nyingi kuliko madaftari, na katika kila picha ataisoma namba ya A. Rejista isipomweleza kuhusu kebini, ataona kwamba rejista ina makosa na ataiacha.

Msimamo wangu ni kwamba fremu ibaki kuwa kitambulisho, lakini hatima iandikwe kwa sehemu. Injini za nchi zetu mara chache hufa siku moja. Huanza kwa kusimama ikisubiri kipuri kutoka ng'ambo. Kisha mwenzake akiharibikiwa na kompresa, kompresa yake inatolewa kwa muda. Halafu turbo, halafu betri, halafu mota mbili, halafu bogi nzima, maana magurudumu ya reli yenye upana wa mita moja hayapatikani dukani. Ikifika mnadani, sehemu yake kubwa imekwisha kutawanyika katika injini nyingine zinazotembea. Kuandika kwamba injini kama hiyo "ilikatwa" katika mwaka wa mnada ni kumnyima msomaji sehemu iliyo na maana zaidi, yaani jinsi shedi isiyo na fedha za kigeni ilivyoendelea kupeleka treni Malaba, mpakani na Kenya, kwa kuifanya injini moja iwatunze wenzake. Historia ya uchumi wa Uganda imo ndani ya hizo kompresa.

Kwa hiyo kila injini sasa ina ukurasa wenye mistari ya sehemu zake kuu: fremu, kebini, injini ya dizeli yenyewe (mtambo unaozungusha jenereta), jenereta, bogi na mota, na bamba la mtengenezaji. Mbele ya kila sehemu tunaandika ilionekana wapi mara ya mwisho, lini, na nani au nini kinatuambia. Kisha tunaweka daraja la uhakika, na madaraja ni manne: imeonwa, imeandikwa, imesimuliwa, imekisiwa. Fremu ya B imeonwa. Fremu ya A imeandikwa kuuzwa na imesimuliwa kukatwa, na hayo mawili hatuyaunganishi kuwa moja, kwa sababu kuuzwa ni tendo la karatasi na kukatwa ni tendo la gesi, na kati yake kuna mashine ambazo ziliuzwa na hazikukatwa kamwe. Hakuna kinachofutwa. Habari mpya ikija, mstari mpya unaongezwa chini ya ule wa zamani, pamoja na tarehe ya kuandikwa.

Utaratibu huu unafaa pia kwa mashine zinazovuka mipaka. Katikati ya muongo uliopita reli ya Kenya na Uganda ilipokea injini 20 za aina ya B23-7 kutoka Marekani, aina ambayo General Electric iliiunda kati ya 1977 na 1984, zikiwa zimekarabatiwa na kubadilishwa ili zitembee kwenye reli ya mita moja. Katika vitabu vya Marekani mashine kama hiyo humalizwa kwa maneno mawili, kwamba iliuzwa nje. Kwetu huo ulikuwa mwanzo. Mwanahistoria wa kule na wa huku wataweza kukutana tu ikiwa wote wawili wameandika namba ya kiwandani.

Jambo moja hatukuliandika katika nakala inayosambazwa, nalo ni mahali hasa ambapo vipande vyenye shaba bado vipo. Waya wa mota una bei, na rejista inayowaelekeza wezi itakuwa imeua ilichotaka kukitunza. Nakala kamili imehifadhiwa kwa watu watatu, na tunakusudia nakala nyingine iende kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Wandegeya, ambayo chini ya Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2001 ndiyo mahali panapostahili. Haraka ipo. Mwezi Oktoba 2024 serikali ilitia saini mkataba na Yapı Merkezi ya Uturuki wa kujenga reli ya kisasa ya umeme kutoka Malaba hadi Kampala, na yadi zitakaposafishwa hakuna msimamizi wa ujenzi atakayesubiri watu wenye chaki na tochi.

Katika ukurasa wa Injini A mstari mmoja bado hauna kitu, ule wa injini ya dizeli yenyewe. Daftari la mama wa stoo linaonyesha kwamba ilishushwa na kupelekwa karakana ya reli ya Nalukolongo, Kampala, kabla ya mnada, nalo halisemi ilifungwa kwenye mashine gani baada ya hapo. Kadi za kazi za karakana zingeweza kujibu. Tumepeleka ombi kwa maandishi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005, inayompa ofisa siku 21 za kujibu, na nakala ya ombi tumeiambatisha kwenye ukurasa huo. Jibu likija litaandikwa kama lilivyo, hata likiwa kwamba kadi hazikuonekana, ili atakayekuja baadaye ajue kwamba swali lilikwisha kuulizwa, liliulizwa lini, na kabati lipi lilikwisha kufunguliwa.